Kitunguu kisichotoa machozi: Yajue haya kabla ya kununua na kupanda maua ya vuli

"Hivi vitunguu vya Wazungu mbona havitoi machozi?"

Mama aliuliza hivyo akiwa amesimama jikoni kwa dada yangu mjini Reading, Uingereza, kisu mkononi na sufuria ya maharage ikichemka pembeni. Ilikuwa Jumapili ya Oktoba mwaka jana. Hakuna aliyemjibu. Dada alikuwa ghorofani akimnyonyesha kichanga cha wiki tatu, shemeji alikuwa kazini, na mimi nilikuwa sebuleni nikihangaika na soksi za mtoto wao mkubwa, wa miaka minne, ambaye huniita mama mdogo.

Mama akacheka peke yake, akaendelea kukata.

Huyu si mgeni wa vitunguu. Mama yangu amelima vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, kwa zaidi ya miaka 20. Karo zetu za shule zilitoka katika shamba hilo. Anaweza kushika kitunguu gizani akakwambia kama kimekomaa au kimevunwa mapema. Lakini siku ile alikuwa ugenini, amekwenda kumlea mwanawe aliyejifungua, na katika kabati la jikoni alikuta mifuko miwili ya wavu imetundikwa kwenye msumari mmoja. Mmoja ulikuwa na vitunguu vichache vilivyobaki. Mwingine ulikuwa umejaa vitu vyenye ganda la kahawia, ncha juu na alama za mizizi chini.

"Nitumie hivi vitunguu vya kwenye wavu?" aliuliza kwa sauti.

"Ndiyo mama, tumia tu," dada akajibu kutoka juu.

Kila mmoja alikuwa na mfuko wake kichwani.

Mama alikaanga, akatia nyanya, akamimina maharage. Kisha akafanya jambo ambalo mama zetu hulifanya kabla ya kumpakulia mtoto: alionja. Akakunja uso, akaongeza chumvi, akaonja tena. "Mchuzi una uchungu," alisema, na akakataa kuupakua. Haikupita nusu saa alikuwa ameinama kwenye sinki anatapika, jasho linamtoka, anashika tumbo.

Dada aliposhuka na kufungua kabati alipiga kelele. "Mama! Hayo ni maua!"

Kilichokuwa ndani ya wavu

Yalikuwa matunguu ya dafodili, yale maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta ambayo hufunika bustani na kingo za barabara za Uingereza kila ifikapo Machi. Dada aliyanunua supamaketi wiki iliyotangulia, akakosa muda wa kuyapanda kwa sababu ya kichanga, akayatundika mahali palipokuwa wazi.

Tunguu ni sehemu ya mmea inayokaa chini ya udongo na kuhifadhi chakula. Kitunguu tunachokula ni tunguu, na kitunguu saumu ni mkusanyiko wa matunguu madogo. Tulipu, dafodili na hayasinti nayo huota kutokana na matunguu, na ndiyo maana watu wengi, dada yangu akiwemo, huyaita "vitunguu vya maua". Jina hilo ni rahisi kwa mdomo lakini ni hatari kwa jiko.

Tunguu la dafodili lina sumu inayoitwa laikorini. Sumu hiyo husababisha kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha, na kiasi kidogo tu chatosha. Kupika hakuiondoi. Aidha, tunguu hilo lina chembe kali mithili ya sindano ndogo sana, ambazo huwasha mdomo, koo na ngozi. Mama alituambia baadaye kwamba vidole vyake vilikuwa vinamwasha wakati anakata, akadhani ni sabuni mpya ya kuoshea vyombo.

Halikuwa tukio la kwanza nchini humo. Mwaka 2009, watoto wa shule moja ya msingi katika jimbo la Suffolk waliugua baada ya tunguu la dafodili kuingia kwenye supu waliyoipika darasani wakidhani ni kitunguu kutoka bustani yao. Mwaka 2012, watu 10 mjini Bristol waliugua baada ya kula mashina ya dafodili waliyoyadhania kuwa mboga ya jamii ya vitunguu inayotumika katika mapishi ya Kichina. Mwaka 2015, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliyaandikia maduka makubwa kuyaomba yasipange dafodili karibu na mboga na matunda.

Waliokosea huko Bristol walikuwa wageni wanaotafuta chakula cha kwao katika nchi ambayo mimea ina sura nyingine. Ni hali ileile ya mama yangu, na ni hali ya wazazi wengi wanaosafiri kwenda kuwalea wajukuu ughaibuni.

Tulichofanya, na ambacho hatukufanya

Dada alipiga namba 111, ambayo nchini Uingereza hutoa ushauri wa afya kwa simu. Aliyepokea aliuliza maswali manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana umri gani. Kisha akauliza kama anapumua vizuri, kama ana usingizi usio wa kawaida, na kama kuna mtu mwingine aliyekula. Tulikuwa na mfuko mkononi wenye jina la ua, kwa hiyo tulijibu bila kubahatisha.

Tuliambiwa asukutue mdomo, anywe maji kidogo kidogo, asilazimishwe kutapika, na tumwangalie kwa karibu. Mimi nilikuwa tayari nimeshamimina maziwa kwenye kikombe, maana nimekulia katika nyumba ambayo dawa ya kila sumu ni maziwa. Tuliambiwa tuyaache. Naandika habari za afya kwa kazi, lakini mbele ya mama yangu anayetapika nilirudi kuwa mtoto wa Mang'ola.

Kufikia saa nne usiku kutapika kulikuwa kumekoma. Asubuhi alikunywa uji mwepesi. Sumu ya dafodili mara nyingi huisha hivyo kwa mtu mzima mwenye afya, lakini kwa mtoto mdogo kutapika na kuharisha mfululizo kunaweza kumkausha maji upesi.

Hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi. Kwa siku mbili hakutaka kuingia jikoni. "Ningempakulia mtoto kwanza je?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Ukiyanunua, nunua kwa macho

Wasomaji wetu mlio Ulaya na Amerika Kaskazini, nanyi mnaojiandaa kuwatembelea watoto huko, mtayakuta matunguu haya madukani kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba. Sisi vuli ni mvua. Kwao vuli ni majani kupukutika. Lakini kote kuwili ni majira ya kupanda.

Chagua tunguu gumu na zito kulingana na ukubwa wake. Libonyeze kidogo kwa kidole gumba. Likibonyea, limeoza ndani. Likiwa jepesi kama karatasi, limekauka. Ganda la nje kubanduka si tatizo, lakini ukungu wa kijani au kijivu, madoa yaliyodidimia na harufu ya uvundo ni ishara ya kuliacha. Tunguu kubwa hutoa ua kubwa, kwa sababu ua la mwaka ujao tayari limo ndani likiwa changa, pamoja na chakula chake.

Usinunue yaliyowekwa kwenye sanduku moja na viazi au vitunguu, na usiyachukue bila lebo. Lebo ndiyo itakayomwambia mhudumu wa simu au daktari mtoto amekula nini. Ukifika nyumbani, yatoe kwenye mfuko wa mboga mara moja.

Kuyahifadhi: mbali na jiko, mbali na matunda

Ni vyema yapandwe ndani ya wiki chache baada ya kununuliwa. Ikiwa huna nafasi, yahifadhi mahali pakavu, penye ubaridi, giza na hewa inayopita, kama vile gereji au kibanda cha vifaa vya bustani. Tumia mfuko wa karatasi au wavu. Mfuko wa plastiki uliofungwa huzuia unyevu kutoka, na matunguu huota ukungu.

Watu wengine huyaweka kwenye friji. Tahadhari mbili. Kwanza, tufaha, ndizi na matunda mengine yanayoiva hutoa hewa inayoitwa ethilini, ambayo huweza kuua ua changa lililo ndani ya tunguu. Utapanda, utamwagilia, na utaambulia majani matupu. Pili, friji ya chakula ni mahali ambapo kila mtu wa nyumbani huchukua kitu akiamini kinaliwa.

Kanuni ya nyumba ya dada yangu sasa ni hii: kitu chochote cha bustani hakivuki mlango wa jikoni. Matunguu hukaa kibandani, ndani ya boksi lenye kifuniko, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii. Juu ya boksi ameandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili na Kiingereza: MAUA, HAYALIWI. Kiswahili ni kwa ajili ya bibi, Kiingereza ni kwa ajili ya yaya.

Kuyapanda: ncha juu, kina mara tatu

Kwanza vaa glavu. Wafanyakazi wa mashamba ya tulipu hupata ugonjwa wa ngozi ambapo ncha za vidole hukauka, hupasuka na kuuma, kwa sababu ya kemikali iliyomo kwenye tunguu. Hayasinti nayo huwasha sana, hasa ganda lake likiwa kavu na vumbi likiruka. Mtoto akitaka kusaidia, na watoto hupenda kazi hii, mpe glavu na kazi ya kuchimba mashimo. Baada ya hapo kila mmoja anawe mikono kwa sabuni.

Chagua mahali penye jua na udongo usiotuamisha maji. Maji yakituama, tunguu huoza kabla ya kuchipua. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mboji au kokoto ndogo. Chimba shimo lenye kina mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu. Kwa dafodili na tulipu ni takriban sentimita 15. Kwa krokasi, ambayo ni ndogo, sentimita nane hadi 10 zinatosha. Weka ncha juu na upande wa mizizi chini. Acha nafasi ya upana wa matunguu mawili kati ya moja na jingine. Fukia, shindilia taratibu, mwagilia mara moja.

Dafodili na krokasi hupandwa mapema, Septemba na Oktoba, ili mizizi ishike kabla ya baridi kali. Tulipu husubiri hadi Novemba, kwani ubaridi wa udongo hupunguza ugonjwa wa ukungu unaounguza majani yake. Kwa anayeishi ghorofani bila bustani, chungu chenye matundu chini kinatosha.

Wanyama wana yao pia. Kindi hufukua tulipu na kuzitafuna siku ileile ulizozipanda. Wavu wa waya juu ya udongo husaidia. Dafodili hawaigusi. Mama aliposikia hilo alitikisa kichwa. "Kindi ana akili kunishinda," alisema. Mbwa, kwa upande wake, hana akili hiyo. Hufukua na kula, na huugua. Na ikiwa nyumbani kuna paka, usilete kabisa maua ya jamii ya lili, kwani hata chavua yake huharibu figo za paka.

Maua yakishanyauka, usikate majani. Yaache kwa wiki sita hivi yajichumie jua na kulijaza tunguu kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Je, nyumbani Tanzania?

Wapo walioniuliza kama wanaweza kubeba matunguu ya tulipu kwenye begi waje kupanda Dar es Salaam. Kwanza, mimea na mbegu haziingizwi nchini kiholela. Zinahitaji kibali na ukaguzi. Pili, tulipu na dafodili huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi udongoni ili shina lirefuke na kutoa ua. Dar es Salaam hakuna baridi hiyo.

Lakini sumu ya namna hii haikutoka Ulaya. Mvua za kwanza zikinyesha, katika bustani na vichaka vyetu huchomoza ua jekundu la mviringo kama mpira, linalosimama juu ya shina moja kabla majani hayajakua. Kitaalamu linaitwa Scadoxus multiflorus, nalo ni la jamii moja na dafodili. Tunguu lake lina sumu. Lipo pia ua linalopanda kwa kushikilia kwa ncha za majani, lenye petali nyekundu na manjano kama miali ya moto, liitwalo Gloriosa superba. Kiazi chake, ambacho kwa asiyejua hufanana na kiazi kikuu chembamba, kina kolkisini, sumu inayoweza kuua. Mzazi, kabla mtoto hajaanza kuchimba udongo wa uani kwa ajili ya mchezo wa kupikapika, tembea uani ujue nini kimeota.

Chakula cha njaa

Kuna watu watakaosema: mbona Waholanzi walikula tulipu? Ni kweli. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa baada ya Wajerumani kuzuia chakula kuingia. Watu takriban 20,000 walikufa. Familia zilikula matunguu ya tulipu zilizokuwa kwenye maghala ya wafanyabiashara, na maelekezo yalitolewa ya namna ya kuyapika, ikiwemo kutoa kiini cha katikati. Mwigizaji Audrey Hepburn, aliyekuwa binti mdogo huko, alikuwa miongoni mwa waliopitia njaa hiyo. Walikula kwa sababu hapakuwa na kingine, na wapo walioumwa tumbo. Hilo si pishi la kujaribu.

Mmea wenye sumu ukishikwa na wataalamu huweza kutoa dawa. Katika dafodili kuna kemikali inayoitwa galantamini, inayotumika kupunguza dalili za ugonjwa wa Alzheimer wa kusahau uzeeni, na huko Wales yapo mashamba ya dafodili yanayolimwa kwa ajili yake. Tofauti iko kwenye kipimo, na kipimo si kazi ya jikoni.

Mtoto akila, fanya haya

Toa mabaki mdomoni kwa kidole, msukutue au mfute. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala chumvi kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Chukua mmea wenyewe, lebo yake au picha. Nchini Uingereza piga 111. Akishindwa kupumua, akizimia au akipata degedege piga 999. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Marekani kuna kituo cha sumu kwa namba 1-800-222-1222. Hapa nyumbani mkimbize kituo cha afya kilicho karibu na mmea huo mkononi, hata kama bado hajaanza kutapika. Na usisahau maji ya chombo kilichokaa maua: nayo huwa na sumu, na mtoto mwenye kiu hachagui kikombe.

Manne yamepungua

Mama alikaa Reading hadi katikati ya Novemba. Siku ya tatu baada ya mkasa, alivaa glavu za shemeji, akamwita mjukuu wake, wakaenda uani na matunguu yaliyobaki. Alichimba kwa mstari ulionyooka, kama anavyochimba Mang'ola, na hakukubali kurekebishwa na mtu yeyote kuhusu nafasi.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hii alikataa mara mbili. Mkulima wa vitunguu kudanganywa na kitunguu, watu wa sokoni watasema nini? Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja. "Andika," alisema, "lakini andika pia kwamba nilionja kwanza."

Mwezi Machi dada alituma picha. Uani palikuwa na mstari wa manjano, na mtoto amesimama katikati yake akiwa na koti. Nilimwonyesha mama kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu mashina kwa kidole, taratibu, kama anayehesabu magunia.

"Ishirini na moja," alisema. "Mfuko ulikuwa na 25. Manne nilikata mimi."

Akanirudishia simu, akainuka kwenda kutazama chakula jikoni.